Saa za mwanafunzi wa unesi ni mali ya nani?

Nimepotea siku nyingi, mniwie radhi, zamu za usiku za huku zinamgeuza mtu popo. Leo nimepata mapumziko ya siku mbili mfululizo, chai ya tangawizi iko mezani, nje mvua ya Leicester inanyesha ile ya kusitasita, isiyonyesha sawasawa wala kukatika. Nikasema ngoja nijibu swali la mdogo wangu aliyeko chuo cha uuguzi hapo Tanga.

Kaniuliza hivi: "Dada, tangu mwaka wa kwanza nakusanya vyeti vya semina, sasa ninavyo tisa. Nikimaliza chuo vitahesabika kama pointi za kujiendeleza kitaaluma?"

Kwa huku Uingereza jibu fupi ni hapana. Jibu refu ni historia, na katikati ya historia hiyo lipo jambo langu ambalo familia sikuwahi kuwaambia. Vumilieni tutafika.

Mwanafunzi wa unesi amehesabiwa tangu zamani. Mwaka 1860 Florence Nightingale alifungua shule ya manesi katika hospitali ya St Thomas', London, kwa fedha ambazo wananchi walimchangia kwa kazi yake kwenye vita ya Crimea. Wanagenzi wa kwanza walikuwa 15. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake ya kila mwezi, na matroni, Sarah Wardroper, ndiye aliyekuwa akiijaza. Je, binti huyu anawahi? Ni mtulivu? Anaaminika? Ni nadhifu? Halafu zinakuja kazi zenyewe: kufunga vidonda, kumgeuza mgonjwa asiyejiweza asichubuke mgongo, kutandika vitanda, kupika chakula cha wagonjwa, hata kubandika ruba. (Ndiyo, ruba! Wale wanaonyonya damu.) Alama zilianzia bora sana mpaka sifuri. Na wanagenzi wenyewe walitakiwa kuandika shajara ya waliyojifunza, kama ninavyoandika mimi leo nikitaka kuhuisha usajili wangu.

Ila karatasi ile haikuwa ya binti, ilikuwa ya shule. Akishamaliza mwaka wa mafunzo alidaiwa miaka mingine ya kutumika hospitali atakayopelekwa. Hakuwa na namba ya serikali wala leseni, alikuwa na sifa zake mdomoni mwa matroni tu. Matroni akikuchukia, umekwisha.

Hapo ndipo alipoingia Ethel Gordon Fenwick. Huyu mama mimi nampenda ingawa wanasema alikuwa mkali kama pilipili. Alikuwa matroni wa St Bartholomew's mwaka 1881 akiwa na umri wa miaka 24, na mwaka 1887 akaanzisha chama cha manesi kudai mafunzo ya miaka 3, mtihani mmoja na rejista ya serikali. Na nani alimpinga? Nightingale mwenyewe! Hoja yake ilikuwa kwamba unesi ni tabia, na tabia haipimwi kwa mtihani wala haiandikwi kwenye orodha. Siku nyingine nikiona nesi mwenye vyeti vya kujaza kabati anavyomjibu mgonjwa, nasema bibi yule hakukosea sana. Lakini naye Fenwick alikuwa na haki. New Zealand waliwatangulia kwa sheria ya mwaka 1901. Uingereza wakabishana zaidi ya miaka 30, mpaka sheria ikapita Desemba 1919. Rejista ilipofunguliwa mwaka 1921, namba 1 akawa Fenwick mwenyewe.

Kwa hiyo aliyemaliza alipata namba yake, lakini aliyekuwa bado anasoma aliendelea kuwa kibarua. Miaka kwa miaka, hata baada ya huduma ya afya ya taifa kuanza mwaka 1948, mwanafunzi alihesabiwa kama mfanyakazi wa wodi. Alilipwa kidogo, usiku aliachiwa wagonjwa, masomo yakapangwa kufuata mahitaji ya hospitali.

Wageni ndio waliopata taabu zaidi. Sheria ya mwaka 1943 ilikuwa imeongeza daraja la pili la manesi, mafunzo ya miaka 2, wenye orodha yao mbali na rejista. Walipokuja mabinti wa Karibiani na Afrika miaka ya 1950 na 1960, wengi wao walisukumiwa kwenye daraja hilo bila kuelezwa tofauti. Kuna mwaka nilimuuguza mama mmoja wa Kijamaika, nesi mstaafu (siri za mgonjwa nazitunza, ila hili aliwasimulia wodi nzima). Alisema alisoma miaka miwili, akafaulu, akabandika beji kifuani. Alipoandika barua kwao kuomba kazi ndipo alipojibiwa kwamba daraja lile kwao halitambuliki. Akabaki huku maisha yake yote. "Nilisomea karatasi ya kunifungia hapa," akasema, kisha akaniomba nimsogezee mto.

Mabadiliko makubwa kwa mwanafunzi yalianza mwaka 1989 kwa mpango ulioitwa Project 2000. Mafunzo yakahamia vyuoni na mwanafunzi akaacha kuhesabiwa kama jeshi la wodi. Masomo yakawa na krediti zinazohamishika. Siku hizi shahada ni krediti 360, yaani 120 kila mwaka, na juu yake lazima mwanafunzi wa unesi atimize saa 4,600, nusu darasani nusu kwa wagonjwa. Saa 2,300 za vitendo, na kila zamu ina sahihi ya mtu.

Sasa jambo langu.

Mwaka 2016 nilikuwa mwaka wa pili. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya vitendo kwenye wodi moja ya upasuaji, nikakabidhi karatasi yangu ya saa ofisini, nikaenda zangu. Baada ya wiki kadhaa naitwa: karatasi haionekani. Nesi aliyekuwa msimamizi wangu alikuwa ameshahamia hospitali nyingine. Walitafuta kwenye ratiba za wodi wakapata ushahidi wa nusu tu. Zilipotea saa 112 na nusu, yaani wiki 3 kamili. Mimi sikuwa na nakala. Wakaniambia nizirudie Agosti, la sivyo nisingeendelea na wenzangu.

Agosti ile ndiyo ilikuwa harusi ya kaka. Tiketi nilikuwa nimeshakata, na pesa haikurudi. Niliwaambia nimekosa likizo, na najua wengine mlisema nimeshaanza kujidai Mzungu. Mama alinipigia siku ya harusi, nikasikia ngoma na vigelegele, nimesimama kwenye korido ya hospitali na sare yangu. Sikusema ukweli kwa sababu niliona aibu: mtu mzima anakosa harusi ya kaka yake kwa ajili ya karatasi? Kaka, samahani. Gauni lile bado ninalo.

Basi nilipomaliza mwaka 2017 nikawa na ugonjwa wa kutunza karatasi. Nilikuwa na faili nene la semina zote za uanafunzi: vidonda, kisukari, usalama wa dawa, nikitaraji zitanianzishia pointi zangu. Wapi! Kuhesabu kunaanza siku jina lako linapoingia kwenye rejista. Pointi za kujiendeleza ni za aliyekwisha kusajiliwa. Na hili nalo si la zamani sana huku, kwani lilianza mwaka 1995. Kabla ya hapo nesi aliyesajiliwa alilipa ada yake tu akaendelea. Wamarekani wa California walikuwa wameshapitisha sheria yao mwaka 1971. Tangu Aprili 2016 utaratibu wetu umekaza: kila miaka 3 uonyeshe saa 450 za kazi na saa 35 za kujifunza, 20 kati yake ukiwa na wenzako. Tena uandike tafakari 5, kizazi cha shajara za kina Nightingale hicho.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukija huku hakuna atakayekuuliza semina tisa. Watataka kujua umesajiliwa nyumbani, kisha utafanya mtihani wa kompyuta na mtihani wa vitendo. Kwa huko Tanzania mwenye neno la mwisho ni Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya sheria ya mwaka 2010. Nenda ukawaulize kabla hujalipia semina ya kumi, maana nimesikia unakopa. Semina uliyoipenda ya watoto njiti usijute, mkono ulioshika mtoto yule ni wako hata bila pointi. Ila kitabu chako cha mazoezi, kile chenye sahihi za wodini, leo hii kipeleke ukakitoe fotokopi kurasa zote. Nakala moja mwachie mama, aiweke kwenye sanduku lake la kanga.

Chai imepoa. Kesho naingia usiku, zamu tatu mfululizo. Kaka, ukisoma hapa nipigie, hata kama ni kunigombeza.