Mambo ya Kuhakiki Kabla ya Kuomba Mkopo au Kadi ya Mkopo

Songea

Mvua za kwanza za msimu zinapoanza kunyesha mkoani Ruvuma, wakulima wa Songea, Namtumbo na Mbinga huhitaji fedha za mbegu, mbolea na vibarua wakati mavuno ya msimu uliopita yamekwisha kuuzwa. Mwezi Januari wazazi nao hutafuta fedha za sare, madaftari na nauli za wanafunzi. Katika kipindi hicho mwananchi huwa mwepesi kuupokea mkopo wa kwanza anaoupata, hata kama masharti yake hajayasoma. Makala haya yanaeleza mambo ya kuhakiki kabla ya kutia saini mkataba wa mkopo wa fedha taslimu, mkopo wa simu au kadi ya mkopo.

Nani anaruhusiwa kukopesha

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni benki na taasisi zinazopokea amana. Daraja la pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana. Daraja la tatu ni vyama vya ushirika wa akiba na mikopo (SACCOS), na daraja la nne ni vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha, vikiwemo VICOBA.

Mkopeshaji wa daraja la pili anapaswa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Mwananchi ana haki ya kuomba kuoneshwa leseni hiyo, na anaweza kulinganisha jina la mkopeshaji na orodha iliyopo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Tahadhari hiyo inahusu pia mikopo ya mtandaoni: mwezi Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali.

Gharama kamili ya mkopo

Swali la kwanza kwa mkopeshaji lisiwe "Nitapata kiasi gani?" bali "Nitarejesha jumla ya shilingi ngapi?" Kwa watoa huduma wa daraja la pili, Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi.

Mwananchi akikopa shilingi 500,000 kwa miezi sita kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi inayokokotolewa juu ya mkopo wote, atalipa riba ya shilingi 105,000. Riba hiyo hiyo ikikokotolewa juu ya salio linalopungua, huku deni la msingi likilipwa kwa mafungu sawa kila mwezi, atalipa riba ya shilingi 61,250 tu. Asilimia ni ileile, lakini tofauti ni shilingi 43,750. Kwa mkopeshaji wa "kausha damu" anayetoza asilimia 20 kwa mwezi juu ya mkopo wote, riba itafikia shilingi 600,000, na mkopaji atarejesha zaidi ya mara mbili ya fedha alizopokea.

Mbali na riba, mkopaji aulize kuhusu ada ya maombi, bima, gharama za kuandaa mkataba na faini ya kuchelewesha marejesho. Endapo ada hizo zinakatwa kabla ya kukabidhiwa fedha, afahamu kuwa atalipa riba hata kwa sehemu ya mkopo ambayo haikufika mkononi mwake.

Kadi ya mkopo na kadi ya akaunti

Kadi za benki ambazo wananchi wengi hutumia kwenye ATM huchukua fedha zilizomo kwenye akaunti ya mwenye kadi. Kadi ya mkopo hutumia fedha za benki hadi kiwango kilichokubaliwa, na kila manunuzi huwa deni.

Anayeomba kadi hiyo ahakiki mambo manne: ada ya mwaka, siku za kulipa kabla ya riba kuanza, riba ya salio lisilolipwa na tozo ya kutoa fedha taslimu. Kulipa kiwango cha chini tu kila mwezi humwepusha mtumiaji na faini, lakini salio huendelea kuzaa riba. Kadi ya aina hii humfaa mtu mwenye kipato cha uhakika anayeweza kulipa deni lote kila mwezi.

Kadi na namba ya siri si dhamana

Wapo wakopeshaji wanaochukua kadi ya benki ya mtumishi au mstaafu pamoja na namba yake ya siri, kisha kujitolea mshahara au pensheni wao wenyewe. Mwananchi anayekubali jambo hilo anakuwa amekabidhi akaunti yake yote, wala hana namna ya kudhibiti kiasi kinachotolewa. Namba ya siri haipaswi kukabidhiwa kwa mtu yeyote, akiwemo mtumishi wa benki. Aidha, mtumishi wa umma akumbuke kuwa makato ya mikopo yanapaswa kumwachia angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi.

Marejesho yaendane na kipato

Mkulima wa mahindi anayekopa Novemba kwa masharti ya kurejesha kila wiki atadaiwa kwa miezi kadhaa kabla ya kuvuna. Ni vema aombe ratiba ya marejesho inayoanza baada ya mauzo ya mazao. Endapo mkopeshaji hawezi kukubali, mkopo huo haumfai, hata kama riba yake ni ndogo.

Dhamana nayo iandikwe bayana katika mkataba. Nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa, na mkopaji abaki na nakala ya mkataba aliousaini. Kwa mikopo ya simu, asiruhusu programu kusoma majina na namba za watu wake, kwa kuwa taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Njia nyingine na mahali pa kulalamika

Kabla ya kwenda kwa mkopeshaji binafsi, wanawake, vijana na watu wenye ulemavu walio katika vikundi waulize katika Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya kata kuhusu mikopo isiyo na riba. Mikopo hiyo hutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu.

Mwananchi mwenye malalamiko ayawasilishe kwanza kwa maandishi kwa mtoa huduma na kutunza nakala. Asiporidhika na majibu, ayafikishe Benki Kuu akiambatisha mkataba na stakabadhi za malipo. Asiye na nyaraka hizo atapata ugumu kuthibitisha madai yake, hivyo kila karatasi ya mkopo itunzwe hadi deni litakapokwisha na barua ya kuthibitisha hivyo itolewe.