Upinde, Gobore na Raifo: Nani Mwindaji, Nani Jangili?

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Juni, rafiki yangu mmoja mkazi wa Dar es Salaam alinipigia simu usiku. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata jambo jema. Alikuwa amekwisha kupata kibali cha kumiliki bunduki, anajiandaa kuomba leseni ya kuwinda swala, na kwa kuwa msimu hufunguliwa Julai alitaka ushauri wa haraka. "Wewe mtu wa Bariadi," akaniambia, "umezaliwa jirani na wanyama. Nibebe silaha gani?"

Nilimjibu kwa kifupi, kwa sababu simu ina gharama na mimi si mtaalamu wa bunduki. Lakini swali lile halikunitoka kichwani. Kwetu Simiyu silaha anayoshika mtu porini haijawahi kuwa jambo la kupenda tu. Kwa zaidi ya miaka mia moja silaha ndiyo imekuwa ikiamua mtu huyo aitwe nani, mwindaji au jangili. Leo nataka tulizungumze hilo.

Kwanza nimrekebishe kidogo rafiki yangu. Alikuwa amesoma magazeti ya uwindaji ya Marekani, na ushauri mwingi aliokuwa nao ulihusu yule mnyama wao wa msituni mwenye pembe zenye matawi, ambazo huanguka kila mwaka na kuota upya. Mnyama huyo kwetu hayupo. Sisi tuna swala pala, swala tomi, swala granti, pofu, kongoni na digidigi, na dume wa swala pala akiota pembe hukaa nazo mpaka siku ya kufa. Pia yule wa Marekani hujificha kwenye miti ya baridi, wakati swala wetu husimama kwenye mbuga wazi akakuona ungali mbali. Kwa hiyo hata bunduki na mavazi havifanani. Magazeti yale hayamwambii mtu, kwa mfano, kwamba mbung'o hupenda rangi ya buluu na nyeusi, hata mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mtu akiingia pori la Maswa amevaa shati la buluu atajua mwenyewe. Wala hayamwambii kwamba nguo za mabaka-mabaka kama za jeshi, ambazo wawindaji wa Marekani huvaa, raia akivaa hapa Tanzania anajitafutia kesi.

Sasa turudi nyuma. Wasukuma wa zamani walikuwa na vyama vya wawindaji, na kila chama kilikuwa na vifaa vyake, dawa zake na nyimbo zake. Bayege walikuwa wawindaji wa tembo. Banunguli waliwinda nungunungu, mharibifu mkubwa wa mashamba, na kazi yao ilikuwa kumfuata mnyama mle mle shimoni, mahali ambapo silaha ndefu haina msaada wowote. Vyama hivyo baadaye vilijulikana zaidi kwa ngoma kuliko kwa uwindaji, na mtu akifika makumbusho ya Bujora, pale Kisesa nje ya mji wa Mwanza, ataona mabaki ya mambo hayo.

Silaha kuu ilikuwa upinde, ambao kwa Kisukuma huitwa buta, na mshale wenye sumu. Msikilizaji wa mjini anaweza kuudharau mshale, lakini asifanye hivyo. Sumu za mishale za Afrika Mashariki, zinazochemshwa kutoka kwa miti kama ule ambao wataalamu wanauita Acokanthera, hushambulia moyo. Mshale haulazimiki kumuua mnyama kwa jeraha lake, unachotakiwa ni kufikisha sumu kwenye damu. Mwindaji aliifunga ncha kwa kipande cha ngozi ili sumu isikauke, na ili asijichome mwenyewe. Mnyama akianguka, nyama ya pale penye jeraha hukatwa ikatupwa na iliyobaki huliwa. Silaha hiyo haina mlio wala moshi, na haihitaji duka. Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi Meatu hukohuko mkoani Simiyu, wanaitumia mpaka leo, na ncha zao nyingine ni misumari iliyofuliwa. Wao Serikali imekuwa ikiwapa ruhusa ya kuwinda kwa ajili ya chakula.

Bunduki zilikuja na misafara ya pembe za ndovu. Henry Morton Stanley alipopita Usukuma mapema mwaka 1875, akaufuata mto Simiyu na kudhani amegundua chanzo cha mbali kabisa cha Nile, tayari bunduki zilikuwa jambo la kawaida katika nchi za jirani. Mirambo wa Unyamwezi alikuwa akipigana vita vyake kwa bunduki hizohizo. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yanabadilisha silaha, na zile kuukuu, za kushindilia baruti mdomoni, zilipakiwa melini zikaletwa Zanzibar. Mwishoni mwa miaka ya 1880 ilikadiriwa kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia sehemu hizi za Afrika kila mwaka.

Halafu ukaja mkutano wa Brussels. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini mkataba ambao wengi wetu shuleni tulifundishwa kwamba ni wa kukomesha biashara ya watumwa. Ni kweli ulihusu hilo. Lakini ndani yake mlikuwa na vifungu kuhusu silaha, kwa eneo lote la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Bunduki za kisasa, zenye mtutu wa mifereji na za kupakia risasi kwa nyuma, zilizuiwa zisimfikie mwenyeji. Alichoachiwa, tena kwa masharti, ni bunduki ya jiwe, ya mtutu laini, na baruti ya kawaida. Yaani gobore.

Naomba tutulie kidogo hapa, maana ndipo mambo yote yalipoanzia. Gobore hupiga mara moja, kisha mtu asimame kuishindilia upya. Mtutu wake laini hauielekezi risasi, kwa hiyo lazima umsogelee sana mnyama. Baruti ikipata unyevu imelala. Ikilipuka vizuri hutoa moshi kama jiko la kuni bichi, na mnyama aliyekoswa kwenye moyo huenda nalo jeraha lake maporini. Wajerumani wakaja na amri yao ya wanyama ya mwaka 1896 chini ya Gavana Hermann von Wissmann, iliyotaka leseni kwa uwindaji na kutenga mapori ya kwanza ya akiba. Waingereza wakafuata na sheria ya mwaka 1921, kisha nyingine, na nyingine. Katika maandishi mengi ya wakoloni hao utakuta lawama ileile, kwamba mwindaji Mwafrika ni mkatili, anajeruhi wanyama ovyo na silaha yake ni duni. Aliyemchagulia silaha hiyo duni hatajwi.

Wakati huohuo wenye raifo walikuwa wakifanya yao. Mwaka 1913 Mmarekani Stewart Edward White alitoka Nairobi na kuingia Serengeti, akaandika kitabu cha kuisifu kama nchi iliyogunduliwa upya. Miaka ya 1920 magari yalipoanza kufika, wageni waliwapiga simba wakiwa wamekaa kwenye viti vya magari, mpaka Mwingereza Denys Finch Hatton, ambaye mwenyewe alikuwa akiishi kwa kuwaongoza wawindaji, akaandika kulalamika kwenye gazeti la The Times la London. Na hapa kwetu, upande wa Shinyanga, miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza iliendesha jaribio la kuwaangamiza wanyamapori kwa maelfu, makusudi kabisa, ili mbung'o wakose damu ya kunywa. Sikatai kwamba ndorobo walikuwa balaa kwa ng'ombe wa Wasukuma. Ninachosema ni kwamba swala aliyekufa kwa risasi ya serikali aliitwa utafiti, na swala aliyekufa kwa mshale wa mwenye shamba aliitwa wizi.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ikapata mipaka yake mwaka 1951. Mwaka 1962, nchi ikiwa imeshapata uhuru, likatangazwa Pori la Akiba la Maswa, ubavuni mwa Serengeti kusini-magharibi. Jina hilo huwachanganya wageni, kwa sababu ukilitafuta katika wilaya ya Maswa ya leo hulipati. Lilipewa jina la wilaya ya zamani, wakati Bariadi ilikuwa sehemu yake. Uwindaji nao ukafungwa nchi nzima mwaka 1973, ukafunguliwa tena mwaka 1978, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 1974 ikakaa mpaka ilipobadilishwa na ile ya mwaka 2009.

Mimi nilizaliwa kijiji kimoja mashariki ya Lagangabilili, na mwaka 1989 nilikuwa kijana wa miaka kumi na mitatu. Nyumbani kwa guku, yaani babu yangu, kulikuwa na upinde umechomekwa kwenye paa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Uganda, bunduki zilikuwa zimezagaa na wezi wa ng'ombe walikuwa hawaogopi mtu. Ndipo Wasukuma na Wanyamwezi wakaanzisha sungusungu. Filimbi ikilia, wanaume wote walitoka na pinde. Mjomba wangu alikuwa akiuchukua ule wa babu. Nilimwona mara nyingi akipita nao mbele ya ofisi ya kijiji mchana kweupe, na watu wakimpigia makofi. Mwaka huo wa 1989 Bunge likawatambua sungusungu kisheria, wakaingizwa kwenye sheria za mgambo.

Mwaka huohuo ikaanza Operesheni Uhai, ya kupambana na majangili wa tembo. Ilihitajika, tena sana, maana tembo walikuwa wanakwisha. Lakini mjomba hakuwahi kumpiga tembo. Alikamatwa ng'ambo ya mto, hatua chache ndani ya mpaka, akiwa na mshale, mkia wa swala pala na ule upinde wa sungusungu. Alifungwa miezi tisa. Upinde ulioshangiliwa ofisini kwa mwenyekiti ulipelekwa mahakamani kama kielelezo, na haukurudi. Babu aliniuliza mimi, eti kwa kuwa nasoma, kama mto una uwezo wa kubadilisha upinde ukawa kitu kingine. Sikuwa na jibu.

Sitaki msikilizaji anielewe vibaya. Ujangili upo na unaua watu. Januari 2016, katika pori hilohilo la Maswa, rubani Mwingereza Roger Gower alipigwa risasi na majangili wa tembo akiwa angani kwenye helikopta, akafa. Watu wale hawakuwa na gobore la babu yeyote. Na kwa upande mwingine, pinde na magobore vilipogeuka kuwa ushahidi wa kumtia mtu ndani, naona wengi walihamia kwenye kitanzi cha waya. Waya hauna mlio, haumtaji mwenyewe, na hauchagui nyumbu wala simba. Kuzunguka Serengeti ndio unaoangamiza sasa, hata imebidi kuwe na vikosi vya kutembea porini kazi yao ikiwa kutegua vitanzi tu. Kama nikiulizwa ni silaha ipi katika hizi zote ninayoichukia, ni hiyo.

Magobore nayo yanaondoka. Serikali ilipotoa msamaha wa kusalimisha silaha, Septemba na Oktoba 2022, mjomba alilitoa la kwake, lililofuliwa na mhunzi wa huko kwetu zamani. Alilibeba kwenye gunia la pamba, kwa baiskeli. Aliambiwa asante, likafungwa kikaratasi chenye namba.

Nirudi kwa rafiki yangu. Sheria yetu inataka bunduki nene, kuanzia .375, kwa wanyama wa hatari kama nyati na simba, na nyembamba zaidi inatosha kwa swala. Yeye alinunua .30-06, darubini ya bei kali na buti za ngozi. Nilimshauri apunguze darubini aongeze maji. Kisha nikamwambia kifaa cha maana kuliko vyote ni mtu wa kusoma nyayo, nikampa namba ya mjomba wangu.

Waliwinda katika eneo la wazi lililotajwa kwenye leseni. Rafiki yangu alimpiga swala pala wa kwanza nyuma ya bega, chini mno, mnyama akakimbia na jeraha. Mjomba, ambaye alikuwa na fimbo tu, alimfuatilia kwa saa tatu, tone la damu hapa, jani lililopinda pale, mpaka wakamkuta amelala chini ya mgunga. Rafiki yangu akammalizia. Mjomba akainama, akapima tundu la risasi kwa kidole, akauliza kila risasi inauzwa shilingi ngapi. Alipotajiwa bei akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama ganda lile la shaba lililodondoka anaweza kuondoka nalo, au nalo linahitaji leseni.