Tarehe ya Daraja la Umoja na Barabara ya Tunduru

Kabla ya daraja, Mto Ruvuma, mpaka wa Tanzania na Msumbiji, ulivukwa kwa mtumbwi au kwa miguu. Kiangazi maji hupungua, mchanga ukajitokeza, watu wakapita. Masika mto hufurika, na aliye ng'ambo akabaki ng'ambo. Wayao, walio wengi Tunduru, wana jamaa pande zote mbili, na zamani misafara yao ya pembe za ndovu na watumwa iliteremka Kilwa kutoka bara.

Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walipatana mto huo uwe mpaka wa makoloni yao. Novemba 25, 1917, Jenerali Lettow-Vorbeck wa Ujerumani aliuvuka huko Ngomano, unapokutana na Mto Lugenda, akaiteka kambi ya Wareno siku hiyo hiyo na kujipatia silaha na chakula. Mizigo yake ilibebwa na wapagazi Waafrika.

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza 1964, wapiganaji wa chama cha FRELIMO walivuka kwenda kusini na wakimbizi wakaja kaskazini. Msumbiji ilipata uhuru Juni 25, 1975, na wazo la daraja likazaliwa kati ya Rais Nyerere wa Tanzania na Rais Samora Machel wa Msumbiji. Lilisubiri miaka 30: jiwe la msingi liliwekwa Oktoba 2005, kisha Rais Kikwete wa Tanzania na Rais Guebuza wa Msumbiji wakalifungua daraja Mei 12, 2010. Ni daraja la zege lenye urefu wa mita 720, kati ya Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, na Negomano upande wa Msumbiji, eneo lile lile alilovukia Lettow-Vorbeck.

Lakini Tunduru haikufaidi mara moja. Barabara yake ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Malori yalinasa, korosho zikachelewa sokoni. Hata neema ya yakuti za Mto Muhuwesi, zilizovuta wachimbaji na wanunuzi wa kigeni miaka ya 1990, haikuleta lami. Lami ilikuja baadaye: kilomita 193 kutoka Namtumbo, na kilomita 202.5 kutoka Tunduru hadi Mangaka na Mtambaswala. Rais Magufuli alizizindua barabara hizo Aprili 2019. Ng'ambo, barabara ya Negomano hadi Mueda ilibaki ya udongo kwa miaka mingi.

Kwa hiyo anayeandika tarehe ya daraja hili asiishie kwenye siku ya kukata utepe. Kwa mkulima wa Tunduru, daraja lilikamilika lami ilipofika mlangoni pake.