Jembe la Adhabu

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi wanafunzi mliopo shuleni sasa,

Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Wengi wetu hukumbuka jembe tu. Tunasahau kwamba alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi za shamba na kuamua matumizi ya mapato yake.

Kwetu Utende, kisiwani Mafia, jambo hilo halikuwa geni. Farasi hatukuwa nao. Tulichunga ng'ombe chini ya minazi. Ng'ombe hupunguza majani, nazi zikianguka zionekane, na samadi yao hurutubisha minazi. Babu alikuwa akiniuliza, "Bwana mdogo, leo tuwafunge wapi?" Nikikosea, kesho yake tulihama pamoja, bila makaripio.

Nilipoingia sekondari, miaka ya 1990, shamba lilikuwa adhabu ya waliochelewa kengele. Mahindi tuliyoyalima hatukuambiwa yalikwenda wapi. Nimeitumikia Serikali miaka mingi, na hata leo nionapo jembe naikumbuka kengele ile, si mavuno. Ng'ombe wa babu nawakumbuka kwa majina.