Madaftari Mawili

Mfugaji wa ngamia katika nchi ya Garissa hana haja ya karatasi ili ajue mali yake. Jua linapotua, wanyama wakirejea bomani, huwatazama wakipita mlangoni, na akikosekana mmoja, humtaja kabla mtu hajamwambia. Tena koo za Wasomali zina chapa zao za moto, hata ngamia akipotelea mbali, huko Wajir au ng'ambo ya mpaka, mwenye macho ya kazi hiyo atakayemwona atajua ni wa watu gani. Orodha ya namna hiyo haina mfano wake, maana mali yenyewe yatembea na hati yake mwilini.

Lakini yapo mambo, msomaji, ambayo macho hayawezi kuyahesabu. Kompyuta iliyo juu ya meza ni kitu kimoja kwa atazamaye, na ndani yake aghalabu zimo programu zaidi ya elfu moja: ya kuandikia barua, ya kupigia hesabu, ya kuonyeshea picha, na nyingine nyingi ambazo hutazigusa maishani mwako, ila huzitumikia zile unazozigusa, kama wapishi wasioonekana na mgeni. Atakaye kuzijua hana budi kuiuliza mashine yenyewe. Njia ya zamani ya kuiuliza, ambayo mafundi wangali waipenda, ni kuandika amri kwa herufi katika mstari mmoja, pasipo picha ya kubonyeza, kisha kusoma jibu likishuka kiooni. Katika insha hii nataka tuitazame historia ya jibu hilo, yaani historia ya daftari ambalo mashine huliandika juu ya vitu vilivyomo ndani yake. Na kando yake tulitazame daftari la pili, la watu, lililowapata wenyeji wa Garissa katika miaka hiyohiyo. Sikuyaweka pamoja kwa mchezo. Yote mawili yalikusudiwa kujibu swali moja, nani aliyemo au nini kilichomo, na yote mawili yalipatwa na taabu moja.

Mwaka 1969, katika maabara za Bell huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo ulioitwa Unix. Mtumiaji aliketi mbele ya chombo kilichofanana na taipureta, akaandika amri yake, na jibu likapigwa chapa juu ya karatasi. Programu mpya ilifika katika utepe wa sumaku. Fundi aliinakili ndani ya mashine, na vipande vyake vikatawanyika, kimoja hapa, kingine pale, maelezo yake mahali pengine kabisa. Ilikuwapo amri ya kuorodhesha faili, nayo ipo hata leo, herufi mbili tu: ls. Lakini amri hiyo hukuonyesha faili na majina yao, haikuambii faili ipi ni ya programu ipi. Ni sawa na mtu aingiaye ghalani akakuta misumari, mbao na mabati, asijue vililetwa kwa ajili ya nyumba ya nani. Fundi aliyeviweka alijua; alipohama, maarifa yalihama naye. Na kuondoa programu kulikuwa kazi ya hatari kuliko kuiingiza, kwani huenda ukang'oa boriti ambayo nyumba ya pili inaiegemea.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, aliandika kiini cha mfumo uliokuja kuitwa Linux, akawapa watu wote ruhusa ya kuutazama na kuurekebisha. Wengi wakaanza kuukusanya pamoja na programu nyingine ili uweze kutumika. Miongoni mwao alikuwa Ian Murdock, naye mwanafunzi, wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, ambaye mwezi wa Agosti 1993 alitangaza mkusanyo alioupa jina la Debian, akiunganisha jina la mpenzi wake Debra na lake mwenyewe. Ndani ya kazi hiyo ilizaliwa programu iitwayo dpkg, ambayo Ian Jackson aliiandika upya mwaka 1994 katika lugha ya C.

Fikra ya dpkg ni ya kikarani, nami naistahi kwa sababu hiyo. Programu haiingii tena vipande vipande. Huja imefungwa katika kifurushi, na ndani ya kifurushi imo hati yenye kutaja jina lake, toleo lake, na vifurushi vingine inavyovihitaji ili ifanye kazi. Kifurushi kinapopokewa, dpkg huandika habari zake katika faili moja, /var/lib/dpkg/status, ambayo si fumbo hata kidogo: ni maandishi ya kawaida, mtu aweza kuyasoma kwa macho yake. Kinapoondoka, habari hiyo nayo huandikwa. Mkusanyo mwingine wa Marekani, Red Hat, ulitunga desturi ya jinsi hiyo katika miaka ileile ya tisini, na hadi leo wenye mashine za ukoo huo huandika rpm -qa wapate orodha yao. Ubuntu, uliotolewa Oktoba 2004 chini ya uongozi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulilirithi daftari la Debian kama lilivyo.

Sasa andika dpkg -l, ubonyeze kitufe cha kuingiza, na majina yatashuka kiooni kwa mamia. Msomaji mgeni huyatazama majina peke yake. Mimi nakuomba uzitazame herufi mbili ndogo zilizotangulia kila jina, maana humo ndimo ilimo hekima ya watunzi wake. Herufi ya kwanza yasema mwenye mashine alitaka nini. Ya pili yasema hali ilivyo. Penye ii, kifurushi kilitakiwa na kimo. Penye rc, mwenye mashine alitaka kiondoke, nacho kimeondoka, ila faili za mipango yake zimebaki nyuma. Yaani watunzi walitambua tangu mwanzo kwamba kutoka nyumbani si sawa na kutoka daftarini. Mpangaji aweza kuhama na kuacha jina lake mlangoni. Basi wakaweka alama ya kumtambua aliyehama, ili jina lake lisisomwe kama la mtu aliye ndani.

Hata hivyo daftari hili nalo hujua yale tu liliyoambiwa. Fundi akijenga programu kwa mkono wake mwenyewe, pasipo kifurushi, programu itafanya kazi mchana kutwa na dpkg -l haitaitaja. Na akifuta kwa mkono faili za kifurushi kilichoandikwa, orodha itaendelea kusema ii, kwa utulivu kabisa, juu ya kitu ambacho hakipo tena. Ipo amri nyingine, dpkg -V, iendayo kukagua faili zenyewe na kuzilinganisha na ilivyoandikwa. Lakini ni lazima mtu akumbuke kuitumia.

Nilitaja mwaka 1991. Januari ya mwaka huo, miezi kadhaa kabla kijana yule wa Helsinki hajautangazia ulimwengu mfumo wake, serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu, na Wasomali kwa makumi ya maelfu wakavuka mpaka kuingia Kenya. Karibu na Dadaab, yapata kilomita mia moja kutoka mji wa Garissa, ilifunguliwa kambi ya Ifo mwaka 1991, na mwaka uliofuata kambi za Hagadera na Dagahaley. Zote tatu zilikusudiwa watu 90,000. Mwaka 2011, wakati wa ukame mkuu, waliokuwamo walikuwa wamepita 400,000. Watu wengi hivyo hawawezi kulishwa bila orodha, na orodha ikaandikwa: kwanza kadi za posho, baadaye kompyuta, kisha alama za vidole.

Wenyeji wa kaskazini mashariki walikuwa wamezoea madaftari ya serikali, na hawakuyapenda. Tangu zama za ukoloni nchi yao ilitawaliwa kwa sheria za peke yake, na mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila kibali. Hata baada ya uhuru, Novemba 1989, serikali iliwaamuru Wakenya wa asili ya Kisomali wajitokeze kuchunguzwa, na waliokubaliwa wakapewa kadi za rangi ya waridi, juu ya vitambulisho walivyokuwa navyo. Kwa hiyo hawakuwa wajinga wa mambo ya kuandikwa. Lakini ukame uliowafukuza watu Somalia uliua mifugo upande wa Kenya pia, na aliyepoteza ng'ombe wake wote Fafi au Lagdera aliona kambini unga, mafuta, dawa na shule, vitu ambavyo kijijini kwake havikuwapo. Wazazi wakaenda, wakajiandikisha wao na watoto wao. Mvua iliponyesha wengi walirudi makwao. Majina yao hayakurudi.

Miaka ikapita. Sheria ya Kenya yamtaka raia atimizapo miaka 18 achukue kitambulisho, na vijana hao wakaenda ofisini kama wenzao, wakaweka vidole vyao juu ya chombo. Jibu likaja kwamba vidole hivyo vimo katika daftari la wakimbizi. Afisa hakuwa na herufi mbili za kusoma. Hakuona mahali palipoandikwa kwamba huyu aliingia kwa njaa, akatoka mvua iliponyesha. Aliona jina tu, na jina lilimwambia kwamba aliye mbele yake si Mkenya. Idadi yao hutajwa kuwa yapata watu 40,000, wengi wao wa Garissa.

Usidhani jambo hilo ni la karatasi tu. Asiye na kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, wala kufungua akaunti ya benki, wala kupiga kura, wala kuomba mkopo wa chuo kikuu. Kwa mtu wa Garissa iko taabu nyingine iliyo karibu zaidi: njia ya kwenda Nairobi huvuka daraja la Mto Tana, na hapo askari huwashusha abiria na kukagua vitambulisho vyao. Kijana aliyezaliwa umbali wa saa chache kutoka mto huo akawa hawezi kuuvuka bila hofu, na nduguye wa tumbo moja, ambaye siku ile ya kuandikwa aliachwa nyumbani na bibi yake, avuka apendavyo.

Katika Debian, kufuta mabaki ya kifurushi kilichoondoka ni kazi ya mstari mmoja, dpkg --purge na jina lake. Sharti tu yule aandikaye awe na mamlaka juu ya mashine. Huko Garissa mwenye jina alitakiwa alete hati za wazazi, alete wazee wa kumshuhudia, aketi mbele ya kamati, kisha angoje. Na wengine walingoja bila kupata jibu lolote. Mwaka 2021 shirika la Haki na Sheria, lililo mjini Garissa, liliipeleka kesi yao katika Mahakama Kuu ya mji huo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 mahakama iliamua kwamba kuwanyima vitambulisho kulivunja haki zao za kikatiba, ikaamuru wapewe. Mtoto aliyeandikwa Ifo mwaka 1992 akiwa na miaka miwili, siku hukumu hiyo iliposomwa alikuwa mtu mzima wa miaka 35 hivi.