Mfalme, Mti na Chuma



Wengi hudhani dini ya Buddha ilienea kwa mahubiri tu. La, mkono wa mfalme ulikuwamo. Ashoka wa Bara Hindi, aliyetawala katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alichukizwa na damu aliyoimwaga vitani Kalinga, akaamuru mafundisho yachongwe kwenye miamba na nguzo za mawe. Nguzo ya Sarnath aliivika simba wanne, ambao tangu 1950 ni nembo ya India. Wachongaji wa kwanza hawakumwonyesha Buddha kwa sura yake. Walichonga nyayo, gurudumu, au ule mti ambao chini yake alipata nuru. Mapokeo ya Sri Lanka yasema Sanghamitta, binti Ashoka, alipeleka tawi la mti huo Anuradhapura kwa mfalme Devanampiya Tissa, likapandwa. Mahujaji wanauendea hata leo.

Mtauliza, yatuhusu nini sisi Wahaya? Basi twendeni Katuruka, upande wa Maruku. Hapo palikuwa na mti mtakatifu, Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma. Wazee husimulia kuwa Mukama Rugomora Mahe, wa karne ya 17, alijenga kikale chake hapo, akawaamuru wahunzi wasimamishe mnara wa chuma wa kufika mbinguni. Mnara ukaanguka. (Tulipokuwa wadogo tulicheka sana tuliposikia hayo.) Mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt kutoka Marekani akachimba hapo, akakuta mabaki ya kazi ya wahunzi yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Hatukucheka tena.

Kwa maoni yangu, Rugomora hakupachagua pale kwa bahati. Alikuwa wa ukoo wa Wahinda, na chuma kilikuwa na heshima yake kabla yao. Ashoka aliisafirisha imani ng'ambo. Mukama wetu yeye alihamia penye imani, akaweka kiti chake juu yake. Ila wote wawili walijua kuwa raia huamini upesi kile anachoweza kukiona na kukigusa.

Mwaka 2008 wazee wa Katuruka walianza kukusanya masimulizi na kufufua mahali hapo. Walikuwa wamechelewa kidogo, kwani ukimwi ulikwisha kuwachukua wengi ambao wangerithi hadithi hizo. Kijana mwenye baiskeli aende Jumamosi, na daftari mkononi, akaulize majina ya wahunzi.