Toka Bruxelles mpaka Léopoldville

Toka Bruxelles mpaka Kinshasa, mji ulioitwa zamani Léopoldville, ni mbali namna gani? Ukipima kwa mstari ulionyoka utapata kilometa 6,200 hivi. Hesabu hiyo ni ileile tangu zamani za wazee wetu. Siku za safari ndizo zilizobadilika.

Zamani msafiri wa Ulaya alipanda meli huko Antwerpen, akakaa baharini majuma mawili na zaidi mpaka Matadi. Toka hapo alishika gari la moshi.

Mwaka 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry, mwanasheria aliyekuwa rubani katika vita ya 1914-1918, alijaribu njia ya hewani. Wenzake walikuwa rubani Léopold Roger na fundi Jef De Bruycker. Ndege yao ilikuwa na mota tatu. Waliondoka Bruxelles tarehe 12 Februari, wakapita Ufaransa na Hispania, wakavuka bahari mpaka Oran. Kisha wakaruka juu ya jangwa la Sahara, wakapita Gao, Niamey na Bangui. Njiani propela iliharibika, ikawabidi kungoja nyingine. Tarehe 3 Aprili wakatua Léopoldville.

Tuhesabu pamoja. Kwa sababu ya kuzunguka, waliruka zaidi ya kilometa 8,000. Walikaa hewani saa 75 hivi, yaani siku tatu na kidogo. Lakini safari nzima ilikula siku 51! Siku nyingine zote zilipotea chini, katika kungoja na kutengeneza. Meli iliwashinda, lakini njia ilikuwa imekwisha kujulikana. Mwaka 1935 kampuni ya Sabena ilianza safari za kawaida, za siku tano na nusu. Leo ni saa nane hivi.

Lakini njia hiyo ilifupishwa kwa ajili ya nani? Kwa miaka mingi, kwa watu wachache tu. Mkongo hakuweza kwenda Ulaya pasipo ruhusa ya serikali ya kikoloni.

Tukumbuke Januari 1960. Tarehe 20 mkutano wa Meza ya Duara ulifunguliwa Bruxelles, kuzungumza juu ya uhuru wa Kongo. Patrice Lumumba hakuwako, kwani alikuwa kifungoni. Wajumbe Wakongo walidai aachiliwe. Tarehe 25 alitolewa katika gereza la Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akapandishwa ndege. Tarehe 26 alikuwa Bruxelles. Kesho yake ilitangazwa siku ya uhuru: 30 Juni 1960. Kama angesafiri kwa gari la moshi na meli, siku ile asingekuwa amefika hata Matadi.

Basi, ndege iliweza kumvusha kwa siku moja. Lakini ndege haikufungua mlango wa gereza. Mlango ule ulifunguliwa kwa sababu wenzake hawakukubali kuamua mambo ya nchi bila yeye.